Rangi Kumi na Sita

Mimi nikiona kitu kimefungwa kwa skrubu, mkono unaniwasha. Tangu utotoni ni hivyo. Redio ya baba niliifungua nikiwa darasa la nne, nikala viboko vyangu vinne, na mpaka leo naona vilikuwa halali kabisa, maana niliyoyaona mle ndani yalinitosha. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kwamba siku nilipopata kompyuta yangu ya kwanza, kabla hata sijajua kuhifadhi barua, nilikuwa nimeizungusha nikaukagua mgongo wake. Skrubu zilikuwa sita.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Kapsoit. Nyumba yetu ilitazama barabara, na baba alinipa chumba cha mbele nifungue ofisi ya kuchapa. Nilichapa mitihani ya shule za msingi, barua za kuomba kazi, kadi za harusi na programu za mazishi. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, zile zinazokuja zimeshaungwa zote, sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala, na jina la kampuni ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia. Aliyeniuzia kule Nairobi aliniambia, "Hii ni ya kazi, siyo ya anasa." Sikumuuliza anasa ni nini. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe, mtu anataka nini zaidi?

Mama aliipokea kwa heshima zote za nyumba yetu, yaani aliifumia kitambaa. Kwetu kitu cha maana hakikai uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Kompyuta ilipata kikubwa kuliko vyote, cha uzi mzito wa sweta, maruni na nyeupe, kilichofunika sanduku lote na kushuka nyuma mpaka kwenye nyaya. Wateja walikisifu kuliko walivyosifu kazi yangu. Na mimi nilijivunia, kusema kweli.

Sasa, dada yangu. Ndiye mkubwa, na alikuwa Amerika akisomea uuguzi. Alipoondoka, lokesheni nzima ilifanya harambee uwanjani pa shule. Watu walileta mbuzi, kuku, mkungu wa ndizi, na baba akasimama mbele yao amevaa koti lake la kanisani, akaahidi kwamba binti yake atarudi na cheti. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikaja barua: ana mtoto msichana. Baba wa mtoto hakutajwa hata kwa herufi moja. Baba yetu aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akatoka akaenda kwenye shamba letu la majani ya chai. Tangu siku hiyo jina la dada halikutamkwa naye tena. Na baba akinyamaza, hata ng'ombe wanajua.

Inafaa mjue baba alikuwa mtu gani. Miaka mingi alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Akina mama waliposhusha vikapu, yeye alizamisha mkono mpaka chini, akatoa konzi moja, akaigeuzageuza mwangani. Majani mawili na chipukizi, sawa, pima. Akiona majani magumu au yaliyoanza kuungua, alisema neno moja tu: "Rudisha." Hakuna aliyebishana. Alikuwa ameshastaafu wakati huu ninaousimulia, lakini lile jicho halikustaafu. Hata kwenye chungu cha mboga alitazama vile.

Mwezi mmoja ikaja bahasha nene ya dada. Ndani barua, na disketi imefungwa kwa kadibodi. "Nimewatumia picha ya mtoto," aliandika. "Si sasa mna kompyuta, mtamwona. Za karatasi zitafuata." Mtu mwenye akili angetanguliza za karatasi, lakini dada yangu alikuwa ameona mashine ya kunakili picha kwenye maktaba ya chuo chao, akataka kutuonyesha. Sisi nyumbani kwetu ndivyo tulivyo, kipya lazima kijaribiwe. Kisha akaongeza: "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitapiga simu kwa duka la vifaa, saa kumi za jioni huko kwenu. Jumapili mtoto anabatizwa. Tafadhali Mama, niitieni jina la kwetu. Sitaki abatizwe kama mtu asiye na watu."

Mama aliposomewa maneno hayo aliketi chini. Kwetu Wakipsigis mtoto haokotewi jina. Huitiwa mtu wa ukoo aliyetangulia. Wanawake watu wazima hukaa na mtoto, wakitaja marehemu mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, basi wanajua ni nani aliyerudi. Ndiyo tunaiita kurenet. Na kwa kuwa dada hakuwa ameolewa, mtoto alikuwa wa boma letu, na marehemu wa kuitwa walikuwa wa upande wa baba yetu. Mama angeweza kuwaita, lakini si kwa siri. Kumpa mtoto yule jina kulikuwa ni kusema mbele ya wote: huyu ni wetu. Kumnyima kulikuwa ni kusema kinyume.

"Baba yako asipokubali," mama aliniambia, "mimi hapo kwa simu nitaongea habari ya mvua tu."

Nikaingiza disketi. Picha ilifunguka polepole kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, na kadiri ilivyoshuka ndivyo nilivyotamani isimame. Mtoto alikuwa na macho mawili na mdomo, hilo siwezi kukataa. Lakini uso wote ulikuwa madoadoa: vitone vya maruni, vitone vya kijivu, na katikati ya shavu vitone vya kijani kama ukungu wa mkate. Mama alishika kifua. "Woi! Mtoto ni mgonjwa?"

Sikujua baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amevua kofia, jambo ambalo lilinipa moyo kidogo. Akaja karibu, akatazama, akarudisha kofia kichwani.

"Rudisha," akasema, akatoka.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia dada na maktaba yake, lakini zaidi niliikasirikia ile mashine, maana ilikuwa imemharibia mtoto wa watu sura. Halafu hasira ikapoa, na chini yake, kama kawaida yangu, nikakuta swali. Kwa nini kijani? Mtoto wa dada yangu ana kijani wapi? Nikaanza kuchimbua ndani ya mipangilio ya kompyuta mpaka nikafika mahali palipoandikwa wazi kabisa: rangi, kumi na sita. Nikajaribu kuongeza. Ikagoma. Kumi na sita, basi. Nikatazama mkono wangu mwenyewe pale dirishani, nikajaribu kuhesabu rangi za ngozi yangu kutoka kiwiko mpaka kucha. Nilichoka kabla sijafika kwenye kifundo.

Kesho yake nilikuwa mjini Kericho, kwa fundi mmoja wa redio na televisheni. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, naye akazaliwa huku huku, akaongea lugha yetu vizuri kuliko vijana wetu. Nikamweleza. Hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

"Madam," akasema, "hiyo mashine yako inachora picha na kitu kidogo kimechomelewa kwa mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani. Hakina kumbukumbu ya kutosha. Ni kama nikuambie uchore ng'ombe wote wa Kapsoit, halafu nikupe penseli mbili. Utafanya nini? Utadanganya."

Akaingia nyuma ya pazia, akarudi na kadi ya kijani ukubwa wa kiganja, imechomolewa kwenye kompyuta iliyokufa ya ofisi fulani. Ilikuwa na safu ya meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na katikati mraba mweusi. "Hii inajua rangi elfu sitini na tano," akasema.

Elfu sitini na tano! Mimi kwa majina najua kumi na mbili hivi, na mama angeongeza chache za nyuzi. Nilimuuliza nani amezihesabu. Akasema nisimpotezee asubuhi. Akanipa disketi ya draiva, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta jinsi ya kuitumia kadi, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuichomeka. Kisha nikiwa mlangoni akapaza sauti: "Na usisahau kuhamisha kofia!" Nikadhani ananitania kwa ajili ya kofia yangu ya sufu. Nikaishika, nikacheka, nikaenda zangu.

Jumanne asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza na stima yake ya kupotea, nilichomoa nyaya nikafungua zile skrubu sita. Mama alishika tochi. Aliomba kwanza, sala fupi ya safari. Mle ndani palikuwa na vumbi, mbu mmoja mkavu, na ubao uliojaa vitu vidogo vilivyosimama kama mji unaouona kutoka mlimani. Nilitamani kukaa hapo siku nzima nikiuliza kila kitu jina lake. Nikapata ule mfereji mweupe fundi aliousema, nikachomeka kadi. Ilikataa. Nikasukuma. Ikalia kra! Mama akafumba macho. Lakini ilikuwa imeingia.

Nikarudisha nyaya, ule wa skrini nikauchomeka kwenye kadi, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi tii, na ndani ya sanduku ikatoka milio: mmoja mrefu, mifupi miwili.

"Inalia nini?" mama akauliza.

"Sijui, Mama."

"Umeiua?"

 Mitihani ya darasa la saba ya shule mbili ilikuwa mle ndani, na Jumamosi ilikuwa inakuja mbio. Nikakaa kwenye sakafu, machozi karibu. Ndipo neno la fundi likanirudia. Kofia! Nikaizima, nikachukua tochi mwenyewe, nikainama mpaka pua ikagusa chuma, na kwenye kona ya ubao nikaona sindano tatu zimesimama, mbili zikiwa zimevalishwa kakofia kadogo ka plastiki nyeusi, kadogo kuliko punje ya mtama. Pembeni maandishi ya kuonekana kwa shida yalisema kwamba ukikavalisha upande huu, ubao unachora wenyewe. Upande ule, umeachia kadi. Kumbe walikuwa wawili wanaogombea skrini moja! Vidole vyangu havikuweza kukakamata. Mama akachomoa sindano yake ya kufumia kutoka kwenye nywele, ile yenye ndoano, akaninyooshea. Nikanasa kakofia, nikakahamisha.

Nikawasha tena, na skrini ikawaka. Nikaifundisha kompyuta ile draiva, nikazima, nikawasha, nikachagua elfu sitini na tano, nikafungua picha.

Niseme nini? Ilikuwa ngozi. Ngozi ya mtoto, yenye ule mng'ao wa mafuta baada ya kuogeshwa, na shavu lililoanza na rangi moja likaishia nyingine bila mpaka wowote. Nilisahau dada, nikasahau baba, nikawa nasogeza uso karibu na mbali nikitafuta mahali rangi moja inapokwisha. Mama alilia waziwazi. "Si mgonjwa," alisema, akirudia. "Si mgonjwa hata."

Halafu, baada ya robo saa hivi, kila kitu kikaganda. Kishale hakikusogea, vitufe havikujibu. Nikazima, nikawasha, ikafanya kazi kidogo, ikaganda tena. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi pia. Nililaumu kadi, nikalaumu stima, nikamlaumu na fundi huko aliko. Nilifungua sanduku mara tatu, na cha ajabu, likiwa wazi ilifanya kazi vizuri kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu mkuu. Nikilifunga, mama akisharudisha kitambaa chake na kukinyoosha pembe, haipiti muda inaganda. Nilikuwa na jibu mbele ya macho yangu na sikuliona. Kile kitambaa kilikuwa sehemu ya nyumba, na nani anashuku ukuta wa nyumba yake?

Ijumaa asubuhi mama alimfuata baba kwenye zizi. Nilisikia kila kitu kupitia dirisha, sikujificha hata.

"Njoo umtazame mtoto."

"Nilimtazama."

"Ulitazama mashine. Sasa imetengenezwa."

 Ndoo ikagongwa.

"Mzee," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kuliko nilivyopenda, "majani ya wanawake wa watu ulikuwa unaingiza mkono mpaka chini ya kikapu kabla ya kuyakataa. Hii ya kwako mwenyewe unaikataa ukiwa mlangoni?"

Alikuja. Alinawa mikono kwanza, kisha akavuta pazia mwanga uingie.  Nikafungua picha, nikampisha. Hakuketi. Aliinama, mikono nyuma, akatazama paji la uso, akashuka kwenye macho, akapita kwenye masikio, pole pole, kama anavyogeuza konzi ya majani. Alipofika upande wa kushoto wa kipaji, karibu na nywele, akasimama.

"Hii ni uchafu wa mashine?"

Ilikuwa alama ndogo ukubwa wa jani changa la chai, rangi yake imepauka kidogo kuliko ngozi, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Katika zile rangi kumi na sita ilikuwa imepotea kabisa kati ya madoa. Mimi mwenyewe niliiona siku tatu nzima bila kuitilia maanani.

"Hapana, Baba. Ni ya mtoto."

"Ikuze."

Nikashika kipanya. Kishale hakikusogea. Imeganda! Ya leo nayo! Nikaruka kwenda kwenye kitufe cha kuzima.

"Wacha!"

"Baba, imeganda, lazima niizi–"

"Wacha igande."

Akavuta kiti, akaketi.  Mama alisimama nyuma yake bila kumgusa. Ndipo baba akasema, si kwetu, kwa skrini: "Mama yangu alikuwa nayo. Hapa." Akagusa kipaji chake mwenyewe upande wa kulia, kisha akahamisha kidole, kwa woga, kwenda wa kushoto. "Nilikuwa nimesahau ni upande gani."

Bibi huyo alikufa baba akiwa bado anachunga ndama. Hakupigwa picha maishani mwake. Mimi nilikuwa nimelisikia jina lake miaka yote bila kujua kwamba lilikuwa na uso. Nililia, na sioni haya kusema.

Baba akanyoosha mkono akashika sanduku, kama mtu anayetaka kulisogeza karibu, mkono ukaingia chini ya kitambaa kule nyuma. Akautoa haraka.

"Moto! Nyinyi mnamfunika mtoto hivi, atapumua wapi?"

Mimi na mama tukatazamana. Alikivua mwenyewe, akakikunja mara nne, akampa mama mkononi. Kule nyuma, mahali hewa ya moto ilipaswa kutokea, pamba ya uzi ilikuwa imeziba matundu yote. Ile kadi mpya ilikuwa inachemka kuliko kile kitu cha zamani, nasi tukaifunika sweta. Tangu siku hiyo haikuganda tena hata mara moja. Lakini siku ile iliganda, na baba hakuniruhusu kuizima mpaka ngurumo zilipoanza, nikalazimika kuchomoa waya.

"Sawa," akasema. "Nimeona."

Jumamosi saa kumi tulikuwa watatu kwenye duka la vifaa, mwenye duka akijifanya anapanga misumari. Simu ikalia. Mama alimsalimu dada, akamwambia amwekee mtoto mkono wa simu sikioni. Kisha akaanza kuita, kwa sauti ile ya kubembeleza: shangazi mmoja wa baba, halafu mwingine, halafu bibi mwingine wa zamani. Baada ya kila jina alisubiri. Hakuna kitu. Kelele za waya tu. Lile jina moja hakulitaja. Akageuka akampa baba mkono wa simu.

Baba hakuwahi kuiamini simu bila kupiga kelele. Alilitaja jina la mama yake kama anamwita kutoka ng'ambo ya bonde. Na sote tukasikia, hata mwenye duka alisikia: chafya, ndogo, kali.

"Ni yeye!" baba akasema. "Mmesikia? Ni yeye!" Halafu akakohoa, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote ile akasema na dada yangu. "Usome umalize. Halafu umlete nyumbani."

Miaka ikapita ndipo nilipomuuliza dada, tukiwa wawili tu tunachambua mboga. Nilitaka kujua, kama ninavyotaka kujua kila kitu: mtoto alikuwa macho? Alinusa nini?

Dada alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mtoto alikuwa amelala fofofo. Ilikuwa asubuhi kule Amerika. Ni mimi. Nilisikia sauti ya baba, kilio kikanitoka kwa pua kabla sijakizuia."

"Ulimwambia?"

"Kwani nimechizi?"

Na mimi sikumwambia. Yeye alikuwa ameshatazama kwa jicho lake, na majani yakishapimwa hayarudishwi.